Neno la Mwalimu kwa Wazazi: Je, Ni Hesabu Iliyomshinda Mtoto, au Ni Lugha?



Siku moja nilimwita ubaoni mvulana wa darasa la tatu, nikamsomea namba hii katika kitabu cha kutoka Ufaransa: quatre-vingt-dix-sept. Akachukua chaki, akafikiri kidogo, akaandika 8017. Wenzake wakacheka. Alirudi mahali pake ameinamisha kichwa, na tangu siku ile hakuinua tena mkono darasani.

Juma halikwisha nikamkuta sokoni karibu na mama yake, akiuza nyanya, kila fungu faranga 500. Mnunuzi akachukua mafungu matatu, akatoa noti ya 5,000. Mtoto hakuandika kitu. Alisema polepole: «Elfu moja na mia tano, na mia tano, elfu mbili, na elfu tatu, elfu tano.» Akarudisha 3,500, wala hakukosea. Nilirudi nyumbani nikiona haya, kwa maana moyoni mwangu nilikuwa nimekwisha kumhesabu miongoni mwa wajinga.

Tutazame basi kosa lake. Alisikia quatre-vingts, akaandika 80. Alisikia dix-sept, akaandika 17. Masikio yake yalikuwa mazuri. Jina la namba ndilo lililompoteza, kwani Wafaransa hawataji makumi tisa. Wasema kama «ishirini nne, na kumi na saba». Wabelgiji walituachia njia nyepesi zaidi, nonante-sept, na wengi katika nchi yetu huisema hata leo. Lakini mama yake nyumbani asema namna gani? Asema «makumi tisa na saba». Katika maneno hayo mtoto asikia waziwazi makumi ni mangapi, na vinavyobaki ni vingapi. Wenye Kiswahili cha pwani hutuonya kwamba yatupasa kusema «tisini», neno lililotoka katika Kiarabu, na katika maandishi wana haki. Lakini kwa mtoto anayeanza, «makumi tisa» yafundisha jambo ambalo «tisini» yalificha.

Jambo hili limeonekana hata mbali na kwetu. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Kevin Miller na James Stigler, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wadogo wa Taiwan na wa Marekani. Kwa Kichina 11 husemwa «kumi-moja», na 12 «kumi-mbili». Kiingereza kina majina ya pekee ambayo mtoto hana budi kuyashika kwa moyo. Watoto wa Marekani walikwama zaidi hasa katika namba zile zinazofuata kumi.

Na habari za sokoni je? Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walieleza juu ya watoto watano waliouza vitu barabarani huko Recife, katika nchi ya Brazili. Wakiwa katika biashara yao walijibu sawasawa maswali 98 kwa 100. Walipopewa hesabu za namna ileile kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala mnunuzi, walipata 37 kwa 100.

Desturi nayo ina sehemu yake. Kwetu twahesabu saa tangu mapambazuko: huit heures ya asubuhi ni saa mbili. Swali likisema kwamba lori liliondoka à huit heures, mtoto hugeuza neno kwa neno, akafikiri saa nane ya mchana. Atajumlisha vizuri, na jibu litakuwa baya.

Je, tufukuze Kifaransa? Hata kidogo! Mtoto atakihitaji katika mitihani ya Serikali na katika masomo ya juu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yataka Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia, tena yakubali lugha za taifa na za mahali zitumike katika kufundisha na kujifunza. Basi sisi walimu tusione aibu kueleza kwanza kwa lugha ambayo mtoto aielewa, kisha tumpe jina la Kifaransa.

Nanyi wazazi, msiniambie: «Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidia nini?» Jioni mnapochagua maharagwe, mwacheni mtoto ayapange kumi kumi, ataje makumi na yanayobaki. Mpeni kazi ya kurudisha chenji. Mwulizeni: «Leo mmehesabu nini? Nieleze kwa lugha yetu.» Akiweza kuwaeleza ninyi, ameelewa, asipoweza, njoni mniambie, nami nitajua pa kuanzia.

Mvulana yule nilimwita tena ubaoni. Safari hii nilimwomba aseme kwanza kama asemavyo mama yake. Akasema «makumi tisa na saba», akaandika 97. Kisha tukajifunza sote pamoja jina lake la Kifaransa, na hakuna aliyecheka. Lakini mkono wake bado hauinui upesi. Kwa hilo nami nina deni kwake.