Njia ya Kuwa Rubani: kwa Mkupuo au Hatua kwa Hatua?

Wanafunzi wenzangu, hapana shaka kwamba katika shule yetu wamo wengi watamanio kuwa marubani wa ndege za abiria. Mimi ni mmoja wao. Lakini tunapozungumza habari hii mabwenini, twazungumza sana juu ya sare na miji tutakayoiona, na kidogo mno juu ya njia ya kufika huko. Njia zenyewe si moja, na kuchagua vibaya kwaweza kuifilisi nyumba nzima. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu.

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Muheza nikamkuta baba amesimama na mgeni chini ya michungwa yetu. Mgeni yule alikuwa mnunuzi. Baba alikuwa amepata habari za chuo kimoja cha urubani cha nchi za nje, ambacho humpokea kijana asiyejua lolote kikamrudisha na leseni ya urubani wa biashara, mradi ada ilipwe mbele. Alitaka kuuza shamba ili nisome. Nilimshukuru kwa moyo wote, kisha nikamwomba asiuze kwanza. Sababu zangu ndizo nitakazozieleza hapa.

Njia ya kwanza ni hiyo ya mkupuo. Mwanafunzi huingia chuo kimoja, husoma mchana kutwa bila kazi nyingine, na hutoka na leseni ya biashara. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaani ICAO, mwenye kusoma kozi ya namna hiyo iliyoidhinishwa aweza kupata leseni hiyo kwa saa 150 za kuruka, badala ya 200.

Njia ya pili ni ya hatua kwa hatua. Kwanza mtu hutafuta leseni ya rubani binafsi, ambayo kwa kawaida hutaka saa 40 za kuruka na umri wa miaka 17. Kwa leseni hiyo hawezi kulipwa mshahara, lakini aweza kurusha ndege ndogo na kuongeza saa zake. Akitimiza saa 200, ambazo 100 katika hizo awe yeye mwenyewe ndiye mkuu wa ndege, aweza kuomba leseni ya biashara, akiwa na miaka 18 au zaidi. Katika saa hizo hapana budi afunge safari moja isiyopungua kilometa 540, atue katika viwanja viwili mbalimbali. Tena hujifunza kuruka kwa kutazama vyombo peke yake, kama rubani afanyavyo mawinguni asikoona kitu nje, na kurusha ndege yenye injini zaidi ya moja. Kila hatua ina mtihani wake na malipo yake.

Njia ya tatu ni ya kuchaguliwa na kampuni ya ndege, ambayo humfundisha kijana kwa kazi yake yenyewe. Tangu mwaka 2006 ipo leseni maalumu kwa njia hii, yenye saa 240 za mafunzo, nyingi katika hizo zikiwa ndani ya mashine iliyofungwa ardhini na kuigiza ndege. Apataye nafasi hiyo ana bahati, lakini nafasi ni chache.

Asidanganyike mtu kwamba mojawapo ya njia hizi itamfanya nahodha siku ya kuhitimu. Leseni ya juu kabisa, ile ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, hutaka saa 1,500 na umri wa miaka 21. Marubani vijana wengi wa kwetu huanza na ndege ndogo kama Cessna Caravan, wakipeleka watalii Serengeti au Mafia, na huko ndiko wazipatiako saa zao.

Sasa nasema maoni yangu: kwa mtoto wa mkulima au wa mfanyakazi wa kawaida, njia ya pili ndiyo ifaayo. Zamani serikali zetu ziliubeba mzigo huu kwa pamoja. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977. Leo aghalabu mlipaji ni mzazi, na gharama yote mara nyingi hupita shilingi milioni 100.

Sababu yangu ya kwanza ni daktari. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, tena hupimwa upya mwaka hata mwaka. Mwana wa ami yangu aliuziwa kiwanja, akalipiwa ada ya chuo cha mbali, akapanda ndege kwenda. Alipopimwa macho kwa kile kitabu cha vidoto vya rangi alichokitunga daktari Mjapani Ishihara, hakuweza kuzisoma tarakimu zake. Maisha yake yote alikuwa hajui kwamba hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Chuo hakikurudisha fedha, kwa kuwa mkataba ulisema hazirudi. Kipimo ambacho kingalifanywa hapa nchini kwa siku moja kiligharimu kiwanja. (Wavaao miwani wasiogope: miwani si kizuizi, mradi iyasahihishe macho kufikia kipimo kitakiwacho.)

Sababu ya pili ni kwamba kupenda ndege si sawa na kupenda kuirusha. Wengine hutapika, wengine huingiwa na hofu. Ajuaye hayo katika saa ya kumi amepoteza kidogo. Ajuaye baada ya kulipa ada yote amepoteza shamba.

Sababu ya tatu ni dunia yenyewe. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea, ndege zilikaa chini kila bara, na makampuni mengine yalisimamisha mafunzo ya vijana wao. Aendaye kwa hatua aweza kusimama, akafanya kazi nyingine, kisha akaendelea. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Najua wapo watakaonipinga. Mwalimu wangu mmoja aliniambia kwamba afundishwaye mfululizo hasahau, na kwamba akaaye muda mrefu bila kuruka hulazimika kulipia tena saa za kujikumbusha. Ni kweli. Naongeza kwamba njia ya hatua si lazima iwe rahisi kwa jumla ya fedha. Faida yake ni hii, kwamba hasara huonekana mapema ingali ndogo. Mwenye kulipiwa na kampuni au mfadhili, na aende kwa mkupuo bila wasiwasi.

Njia yoyote tuichaguayo, tuulize kabla ya kutoa hata senti: Je, chuo hiki kimeidhinishwa, na leseni yake itakubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania? Chuo hufundisha tu. Mtoa leseni ni Mamlaka, na aliyesoma nje aweza kutakiwa kufanya mitihani mingine arudipo. Nasi tulio bado madarasani tusiidharau fizikia na hesabu, wala Kiingereza, maana rubani wa safari za kimataifa hupimwa lugha ya redio, na hapaswi kuwa chini ya ngazi ya 4 kati ya 6.

Mnunuzi yule alirudi mikono mitupu. Juma lililofuata baba na mimi tulikwenda Dar es Salaam kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka, naye akanikuta mzima. Baba alikunja kile cheti akakitia mfukoni, akasema, "Basi, michungwa itakusomesha msimu kwa msimu." Safari yangu itakuwa ndefu kuliko ya wenzangu wengine, nami nimekubali. Nawasihi wazazi wanaosoma gazeti hili wampeleke mtoto kwa daktari kwanza, na hati ya shamba ibaki sandukuni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita