Chumvi Ikikolea

Tangu nionje chokoleti nyeusi iliyonyunyiziwa chembe chache za chumvi, ile isiyo na chumvi hainikati hamu. Nimenaswa. Chumvi huugusa ulimi kwanza, kisha uchungu wa kakao hulegea na utamu hujitokeza, ilhali sukari haikuongezwa hata kidogo. Kazi ya chumvi hapo ni kuufifisha uchungu. Ndiyo maana wapo waitiao hata kwenye kahawa.

Hapo ndipo ninapogombana na lugha yetu. Tukisema fulani ametia chumvi, twamaanisha ameikuza habari kupita ukweli. Katika chokoleti, chumvi haikuzi lolote; hufichua utamu uliokuwamo. Na hili jina "chokoleti ya chumvi" huwakimbiza watu kabla hawajaonja!

Kitenzi tunacho: kolea. Mchuzi hukolea, rangi hukolea, na penzi nalo, washairi mwajua, hukolea. Mimi naiita chokoleti iliyokolezwa chumvi. Ni refu, nakiri, na halitaingia kwa urahisi katika mizani nane. Kakao hulimwa Kyela, chumvi hupatikana Uvinza. Mwenye jina fupi zaidi na alilete.