Kupambana na moshi mweusi pekee hakutoshi

MNAMO Julai 1943, jiji la Los Angeles nchini Marekani lilifunikwa na ukungu uliowasha macho na kukereketa koo. Lawama zilielekezewa kiwanda kimoja cha kutengeneza malighafi ya mpira. Kiwanda kilifungwa kwa muda, lakini ukungu haukukoma.

Ilikuwa hadi mapema miaka ya 1950 ambapo mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alipotegua kitendawili hicho. Aligundua kwamba sumu kuu ilikuwa gesi ya ozoni, na kwamba haikutoka katika bomba lolote. Iliundwa hewani, chini ya jua, kutokana na mvuke wa petroli na gesi za magari.

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Waundaji wa ozoni hii ni radikali, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake. Kwa sababu hiyo havitulii hadi vinyakue kitu kingine. Mvuke wa petroli unaponyakuliwa hidrojeni yake, masalio hujiunga na oksijeni kuwa radikali ya peroksi. Nayo hugeuza oksidi ya naitrojeni itokayo katika injini kuwa dioksidi. Jua huivunja dioksidi hiyo, na atomu ya oksijeni inayobanduka huunda ozoni.

Je, vitu visivyodumu hivyo hupimwaje? Mwishoni mwa miaka ya 1940 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Ronald Norrish na George Porter walibuni mbinu ya kuzalisha radikali kwa mmweko mkali wa taa, kisha kuzichunguza kwa mwanga mwingine kabla hazijatoweka. Walituzwa Nobel mwaka wa 1967. Radikali nyingi za peroksi hufyonza miale ya urujuanimno, hasa yenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 240. Kadiri mwanga unavyofifia, ndivyo mtaalamu anavyojua radikali ni nyingi kiasi gani, na hukadiria kasi ya kazi yake. Takwimu hizo ndizo zinazotumiwa kutabiri ozoni mijini.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa. Nairobi imo karibu na Ikweta, jua ni kali mwaka mzima, na matatu na pikipiki zimejaa barabarani. Viungo vyote vya ozoni vipo. Hata hivyo, mazoea yetu ni kulaumu gari linalofuka moshi mweusi na kulipuuza lile linalotoa gesi zisizoonekana.

Isitoshe, kupunguza gesi moja bila kujali nyingine kunaweza hata kuongeza ozoni katikati ya jiji, kwani oksidi ya naitrojeni yenyewe huila ozoni iliyo karibu nayo. Aidha, upepo huweza kuipeleka sumu hiyo vitongojini, mbali na magari yaliyoisababisha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba ozoni isizidi wastani wa maikrogramu 100 kwa kila mita mchemraba ya hewa kwa saa nane. Kenya nayo ilitunga kanuni za ubora wa hewa mwaka wa 2014. Lakini kanuni bila vipimo vya kila siku mitaani ni sawa na mizani isiyo na mawe. Serikali za kaunti zipime ozoni pamoja na gesi zinazoiunda, kisha zitangaze matokeo hadharani. Mwenye pumu hana njia nyingine ya kujua siku ambayo hewa safi machoni ni sumu kifuani.