Rekodi Yenye Doa Tusiipigie Vigelegele

Julai ya mwaka 2025 iliwapa wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki asali na shubiri kwa mkono mmoja. Tarehe 5, katika uwanja wa Eugene kule Marekani, Beatrice Chebet alikimbia mita 5000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, akawa mwanamke wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo chini ya dakika 14. Siku hiyohiyo Faith Kipyegon akaivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, na waliokesha hawakujutia usingizi wao. Hata wiki mbili hazikutimia. Tarehe 17 ikatangazwa kwamba Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, amesimamishwa kwa kuwa mkojo wake umekutwa na dawa iliyopigwa marufuku.

Rekodi yenyewe sote tunaikumbuka. Tarehe 13 Oktoba 2024, katika barabara za Chicago, Chepngetich alimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi iliyokuwapo, ya Tigst Assefa wa Ethiopia aliyoiweka Berlin mwaka 2023, ilikuwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, kwa hiyo karibu dakika mbili zilikatwa kwa siku moja. Aliyemfuata siku hiyo alifika zaidi ya dakika saba baadaye. Kisha Chepngetich akasema ushindi ule anautoa kwa marehemu Kelvin Kiptum, kijana aliyeweka rekodi ya wanaume mjini humohumo mwaka mmoja kabla, na ambaye ajali ya gari ilimwondoa Februari 2024. Wengi wetu tulitokwa na machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

Wapo waliouliza maswali tangu siku ile, na sisi tukawajia juu. Tukasema ni wivu. Tukasema wazungu hawapendi kumwona binti wa Kiafrika juu. Hata matokeo ya vipimo yalipotoka, bado baadhi yetu tuliendelea na wimbo uleule, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye matatu na kwenye simu zetu. Leo nataka tuzungumze juu ya wimbo huo, maana naamini unatudhuru kuliko dawa zenyewe.

Kwanza tulieleze jambo lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Dawa iliyokutwa inaitwa haidroklorothiazaidi. Wenye shinikizo la damu na wanaovimba miguu wanaijua: ni kidonge cha kukojosha. Kwa mwanariadha kinapigwa marufuku kwa sababu kinaweza kuuzimua mkojo hadi dawa nyingine zisionekane vizuri maabara. Kwa kuwa chembe zake huweza kumfikia mtu kwa bahati mbaya, wapimaji wameweka kiwango cha nanogramu 20 kwa mililita. Chini ya hapo huachwa. Sampuli ya Chepngetich, iliyochukuliwa tarehe 14 Machi 2025, ilikuwa na nanogramu 3,800. Hiyo ni mara 190. Maelezo aliyokuja kuyatoa ni kwamba aliugua akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 Kitengo cha Uadilifu katika Riadha, kile kinachoitwa AIU, kilitangaza kwamba amefungiwa miaka mitatu baada ya kukiri kosa, na matokeo yake tangu siku ya sampuli ile yakafutwa.

Lakini rekodi ya Chicago haikufutwa. Ilikimbiwa miezi mitano kabla ya sampuli hiyo, na hakuna aliyethibitisha kwamba siku ile mwilini mwake mlikuwa na kitu. Kwa hiyo sitasema aliiba rekodi, na wewe msomaji usiseme. Ninachosema ni kwamba kitabu cha rekodi ni jambo moja na moyo wa shabiki ni jambo jingine. Kitabu kinataka ushahidi. Shabiki alitoa kitu kisichorudishwa na jopo lolote, nacho ni imani yake. Ana haki ya kuumia, ana haki ya kuuliza, na hana deni la kumpigia vigelegele mtu yeyote.

Jambo hili halikuanza kwetu. Rekodi ya mita 400 ya wanawake, sekunde 47.60, iliwekwa na Marita Koch huko Canberra mwaka 1985, akiwa amevaa jezi ya Ujerumani Mashariki, nchi ambayo baadaye nyaraka zake zilionyesha kwamba serikali yenyewe iliwagawia wanariadha dawa kwa mpango. Koch hakuwahi kukutwa na kosa katika kipimo, na rekodi imekaa miaka arobaini. Mwaka 2017 viongozi wa riadha wa Ulaya walipendekeza rekodi za zamani zisizokidhi masharti mapya zifutwe zote. Paula Radcliffe wa Uingereza alipinga kwa uchungu, kwa sababu rekodi yake ya marathoni ya mwaka 2003 ingefagiliwa pamoja na hizo, naye hakuwa na kosa. Mimi namuunga mkono. Kufuta kila kitu ni kumwadhibu mwema kwa dhambi ya jirani yake.

Sasa turudi nyumbani, kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2012 katika Olimpiki ya London, Pamela Jelimo alimaliza wa nne katika mita 800, na Milcah Chemos akamaliza wa nne katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Wa nne hapandi jukwaani. Dhahabu zote mbili zilichukuliwa na Warusi, Mariya Savinova na Yuliya Zaripova. Miaka ikapita, ikabainika kwamba wote wawili walitumia dawa, wakanyang'anywa medali, na mabinti wetu wakasogezwa juu. Hata hivyo, jioni ile ya London, bendera ikipanda na familia zikitazama kijijini, hairudi. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema Savinova anaonewa wivu.

Mbona basi mizani inabadilika akikamatwa wa kwetu? Muuza nafaka mwenye jiwe moja la kununulia na jingine la kuuzia, sokoni tunamwita mwizi. Sisi mashabiki tumeweka mawe mawili kwenye mizani moja: zito la Mrusi, jepesi la jirani.

Mtazame Asbel Kiprop. Beijing mwaka 2008, akiwa kijana wa miaka 19, alishindwa kwa sekunde 0.17 katika mita 1500 na Rashid Ramzi wa Bahrain. Ramzi akakutwa na aina ya EPO, akavuliwa dhahabu, na Kiprop akawa bingwa wa Olimpiki bila wimbo wa taifa kupigwa uwanjani. Taifa zima lilimwonea huruma. Kisha Novemba 2017 sampuli yake mwenyewe ikakutwa na EPO. Alikana, akasema amechezewa. Jopo halikukubali, likamfungia miaka minne. Kama ulilia naye mwaka 2008, huwezi kukwepa swali la nani wa kulia naye baada ya hapo.

Na EPO hiyo tuijue. Ni homoni ambayo figo hutengeneza ili mwili uzalishe chembe nyekundu za damu. Hospitalini huchomwa wagonjwa wa figo, wale wanaolazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara kadhaa kwa wiki na kuishiwa damu. Mwanariadha mzima akijichoma, damu yake hubeba oksijeni zaidi na miguu huchelewa kuchoka. Tena damu huwa nzito, na moyo hulazimika kuisukuma kwa hatari. Sindano ya mgonjwa anayepigania uhai imegeuzwa mtaji wa mbio.

Kwa EPO hiyohiyo ndipo tulipompoteza Rita Jeptoo. Mwaka 2014 alishinda marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 57, rekodi ya njia ile. Septemba mwaka huohuo akapimwa nje ya mashindano, akakutwa nayo, na mwishowe ushindi ule wa Boston ukafutwa. Nakuomba sasa umtazame mwanamke aliyekuwa nyuma yake. Anaitwa Buzunesh Deba, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa akiishi New York. Alifika kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 59. Alivuka mstari wakati mwenzake alikuwa tayari ameshashangiliwa. Baadaye akaambiwa kwamba mshindi ni yeye na rekodi ya njia ni yake. Fedha je? Tofauti ya zawadi ya kwanza na ya pili, pamoja na nyongeza ya rekodi, ilifika dola 100,000. Waandaaji walisema mpaka aliyeadhibiwa arudishe. Karibu miaka kumi ikapita. Mwaka 2024 gazeti moja la Marekani likaandika habari zake, na msomaji mmoja, mtu wa kawaida asiye na uhusiano naye, akatoa dola 75,000 mfukoni mwake akamtumia.

Mtu yule hakuwa mwandaaji, hakuwa mwanasheria, wala hakuwa Mwethiopia. Alikuwa shabiki. Aliona kwamba mtu amedhulumiwa katika mchezo anaoupenda, akahesabu deni lile kuwa na sehemu yake. Sisi tulio karibu zaidi na chanzo cha dhuluma ile tulifanya nini? Wengi wetu hata jina la Deba hatukulijua. Aprili 2025 binti yetu Sharon Lokedi alishinda Boston kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 22, akaivunja rekodi ya njia. Aliyoivunja ilikuwa ya Deba. Nakumbuka shangwe za Lokedi, na alistahili kila kelele, lakini jina la aliyeshikilia rekodi ile kabla yake sikulisikia likitajwa popote nilipokuwa.

Najua nitajibiwa kwamba vijana wetu ni maskini. Ni kweli. Pale Iten na Kaptagat wapo mamia wanaoamka alfajiri na viatu vilivyoisha soli, na mbio moja tu Ulaya huweza kujenga nyumba na kusomesha wadogo wote. Wapo pia makocha, mameneja na wanaojiita madaktari wanaowanong'oneza kwamba bila sindano hutoboi. Hao nao wakamatwe; sheria ya kupambana na pufya imekuwapo Kenya tangu mwaka 2016. Lakini kijana anayekimbia bila kitu naye ni maskini vilevile. Huyo aliyebaki wa sita kwa sababu watano walichoma ana mama, ana karo ya kulipa, na hakuna anayemwandikia.

Wapo pia waliokata tamaa kabisa, wanaosema siku hizi wote wanachoma, tofauti ni nani kashikwa. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa methali hiyo tunawahukumu watu ambao hawana kosa. Kauli hii naichukia sawa na ile ya wivu, maana inampa mwizi na mwaminifu cheo kimoja. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alimpita Mjerumani Amanal Petros hatua za mwisho kabisa, wote wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ikatoa hukumu kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Tangu Filbert Bayi alipoongoza mwanzo mwisho Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1500, Watanzania wameingoja furaha kama ile. Kumtia Simbu katika kapu moja na waliofungiwa, bila ushahidi wowote, ni dhuluma ya wazi.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wetu wa kaunti na wa taifa, ambao hugombania kupigwa picha na mshindi uwanja wa ndege kisha siku ya kufungiwa hawaonekani: siku hiyo nayo semeni neno. Mwishoni mwa 2022 Kenya ilinusurika kufungiwa kimataifa, na serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili vipimo viongezwe. Fedha hizo zifuatiliwe zifike maabara na kambini. Wenye maduka ya dawa wa Eldoret na Iten, msiuze sindano ya mgonjwa wa figo kwa kijana mwenye raba miguuni. Waandishi wenzangu, tuwe wa kwanza kuuliza maswali magumu badala ya kungoja yaulizwe na wageni.

Nawe msomaji, marathoni nyingine zinakuja. Mshangilie mtu wako kwa sauti yako yote. Lakini siku jina la mmoja wetu litakaposomwa katika orodha ya waliofungiwa, kabla hujafungua kinywa kumtetea, uliza nani alikuwa wa pili siku ile. Litafute jina lake, ulitaje mbele ya watu, na udai alipwe haki yake.