Bangi ya kitalu nyumba si mkombozi wa mkulima wa Singida

Na Mwandishi Wetu, Singida

WAKATI nchi jirani zikizidi kufungua milango kwa kilimo cha bangi ya tiba, si ajabu kwa mkulima wa Singida kujiuliza kwa nini naye abaki nyuma. Mkoa wake una jua la kutosha, ardhi ipo, na alizeti, zao linaloubeba mkoa, halina bei ya kutegemewa. Mwaka 2023 bei yake iliporomoka kutokana na ushindani wa mafuta ya kula kutoka nje, na wengi waliokuwa wameongeza eka walibaki na magunia ndani.

Hoja hiyo imewahi kufika hata bungeni. Mwaka 2019 baadhi ya wabunge walitaka Serikali itafakari kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya biashara ya nje. Lesotho ilikuwa imekwisha kutoa leseni ya kwanza barani Afrika mwaka 2017. Rwanda ilifuata Oktoba 2020, pale Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha uzalishaji kwa ajili ya tiba na mauzo ya nje huku matumizi ya ndani yakibaki marufuku. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020 na Zambia mwaka 2021. Nchini Uganda, bangi ya tiba imekuwa ikilimwa ndani ya vitalu nyumba huko Hima, wilayani Kasese.

Hata hivyo, kabla ya kuiga, ni vyema kupima mambo manne: sheria, hali ya hewa, viwango vya ubora na soko.

Kwa upande wa sheria, hakuna utata. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kilimo cha bangi, na adhabu zake zinafika kifungo cha miaka 30 jela. Aidha, haimgusi anayeshika jembe peke yake. Mwenye ardhi anayeruhusu shamba lake litumike naye yumo hatiani. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imeteketeza mashamba katika maeneo kama Kisimiri Juu wilayani Arumeru na Tarime mkoani Mara. Sheria haitofautishi bangi iliyolimwa kwa mbolea ya samadi na ile ya mbolea ya viwandani, wala ya kitalu nyumba na ya porini.

Pili ni hali ya hewa. Siku hizi wafanyabiashara wa mbegu Ulaya na Marekani huzisifu aina zinazochanua kwa umri badala ya kungoja mchana uwe mfupi, maarufu kama otoflawa. Tabia hiyo ilitokana na bangi ya mwituni iliyoelezwa na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Janischewsky, mwaka 1924. Kule kaskazini, ambako mchana wa kiangazi huweza kuzidi saa 16 na baridi kali huja mapema, aina hiyo ina faida kubwa, kwani huvunwa ndani ya miezi michache kabla ya theluji.

Singida iko nyuzi tano hivi kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima ni takriban nusu saa tu, na theluji haijulikani. Tatizo ambalo mbegu hiyo ilitengenezwa kulitatua halipo hapa. Linalobaki ni gharama ya kununua mbegu ya kigeni.

Tatizo la Singida ni joto na maji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa mmea huo hujitengenezea chakula vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 30 hivi, na kwamba joto likizidi hapo uwezo huo hupungua. Ndani ya kitalu nyumba kilichofunikwa plastiki, jua la adhuhuri huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Kukipooza kunahitaji feni, umeme na maji, ilhali mkoa huu ni nusu kame na una msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Kijiji ambacho akina mama hupanga ndoo kisimani hakiwezi kuanza kwa kupooza plastiki.

Tatu ni ubora. Neno 'kilimo hai' huvutia wanunuzi, lakini mnunuzi wa dawa hataki jina. Anataka vipimo vya maabara vinavyoonyesha kuwa hakuna ukungu, mabaki ya viuatilifu wala metali nzito. Bangi ina sifa ya kufyonza metali kutoka ardhini, na Singida ina maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki. Kutotumia mbolea ya viwandani hakumhakikishii mkulima kwamba udongo wake ni safi.

Mwisho ni soko. Canada iliporuhusu bangi Oktoba 2018, kampuni zilikimbilia kujenga vitalu nyumba vikubwa. Machi 2020 kampuni ya Canopy Growth ilitangaza kufunga viwili katika jimbo la British Columbia na kupunguza wafanyakazi wapatao 500. Mwezi uliofuata ikatangaza kujiondoa Afrika Kusini na Lesotho. Ni kweli kwamba Ujerumani imeongeza uagizaji wa bangi ya tiba tangu ilegeze sheria yake Aprili 2024. Lakini mlango huo hufunguka kwa wenye mitaji ya viwanda vya dawa. Mwenye eka mbili Ikungi au Mkalama huishia kuwa kibarua.

Hii haina maana kwamba mjadala ufungwe. Serikali inaweza kuziachia taasisi zake za utafiti zichunguze suala hilo kwa uwazi, ili Bunge liamue kwa takwimu badala ya uvumi.

Kwa sasa, kijana wa Singida mwenye kitalu nyumba ana nyanya, pilipili hoho na matango, mazao yanayouzwa bila hofu. Kwa anayetaka kilimo hai, wakulima wa pamba wa Meatu, mkoa jirani wa Simiyu, wamekuwa wakiuza pamba isiyo na kemikali tangu miaka ya 1990. Na alizeti bado inadai kile ambacho imekidai kwa miaka mingi: sera ya kodi isiyobadilika katikati ya msimu. Hilo likitimizwa, wachache watashawishika kuhatarisha miaka 30 ya maisha yao kwa mbegu iliyobuniwa kwa ajili ya nchi za baridi.