Mti wa Kwetu Upimwe kwa Haki

Mwaka 2018 Tanzania iliahidi kurudisha uoto katika hekta milioni 5.2 za ardhi iliyochakaa ifikapo mwaka 2030. Ahadi hiyo ni njema, na siku za kuitimiza zinayoyoma. Yafaa basi mwananchi aulize: ni miti gani itakayopandwa, na ni nani aipimaye?

Tangu enzi za wakoloni mti umekuwa ukipimwa kwa wepesi wa kukua. Kwa kipimo hicho msindano na mkaratusi hushinda asubuhi na mapema. Sisi twasema kipimo hicho peke yake si cha haki. Utazameni mninga. Mche wake hunyauka kila kiangazi ukadhaniwa umekufa, kumbe nguvu zake zinakwenda mizizini, na huweza kuendelea hivyo miaka mingi kabla shina halijasimama. Mkaguzi ajaye baada ya miaka mitatu ataandika kwamba mninga umeshindwa; na kuandika ni kazi rahisi. Mvule nao, ukipandwa peke yake shamba zima, hushambuliwa na mdudu atiaye vivimbe katika machipukizi. Huko msituni humea umechanganyika na wenzake. Hapo aliyekosea ni mpandaji.

Hatusemi misindano ing'olewe. Mashamba ya Sao Hill yanaipatia nchi mbao, na wafanya kazi wengi wanapata riziki humo. Wala hatusemi kila mti wa Tanzania unafaa kila mahali pa Tanzania. Mhesi ni mwenyeji wa Bukoba. Ulipopelekwa Amani ulienea katika misitu ya Usambara Mashariki na kuisonga miti ya huko.

Shinyanga ilitoa somo jingine. Mpango wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, nchi ile ilikuwa karibu jangwa. Wafugaji walifufua desturi yao ya ngitili, wakayafunga malisho, na visiki na mizizi vikachipua vyenyewe, hata uoto ukarudi katika hekta zaidi ya 300,000. Miti ile ilipimwa na wenye ng'ombe na wenye jiko: malisho, kuni, fito, dawa. Hakuna aliyewaomba wasubiri cheti.

Kwa hiyo twadai watafiti wa misitu wapewe fedha za kutunza mashamba ya majaribio kwa miaka 20, si za mwaka mmoja mmoja, na wanakijiji waketi pamoja nao siku ya kuchagua mbegu.