Bukavu: taa zikiwaka zote kwenye gari, tupime waya kwanza

Hapa Bukavu, gari nyingi zilizokwisha tumika Japani zina kompyuta ndogo kadhaa: ya moteri, ya breki, ya usukani. Zinaongea kupitia nyaya mbili, mfumo CAN ambao kampuni Bosch ya Ujerumani ilitangaza mwaka 1986. Maji yakiingia kwenye plagi, ao waya ukikatika juu ya barabara mbovu, maongezi yanakatika, taa zinawaka pamoja. Mara moja mwenye gari anatumwa kununua kompyuta.

Tusikimbilie. Fundi atoe batri, apime kati ya tundu 6 na 14 pale skana inachomekwa. Kwa gari nyingi, omu 60 ni kawaida. Akipata 120, upande mmoja umekatika. Karibu na 0, nyaya zinagusana. Kwa hiyo, kabla ya kutoa feza, uliza: fundi, umepima?